Boi, Bwana na Jitu



Wazee walioijua Dar es Salaam ya zamani, ile ambayo Oysterbay ilikuwa bado uzunguni, hawahitaji kufafanuliwa neno boi. Boi hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima, pengine baba wa watoto wanne, mwenye heshima zake mtaani na mahali pake kwenye safu ya mbele msikitini. Lakini akishavaa kanzu nyeupe na kupita mlango wa nyuma wa nyumba ya Mzungu, basi ni boi. Kulikuwa na boi wa ndani, kulikuwa na shamba boi, na mpishi naye, hata awe na mvi, aliitwa kwa kupigiwa kengele. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni mvulana tu. Sisi tukalipokea, tukalinyoosha kidogo, likakaa.

Juzi nilikuwa nasoma upya kitabu ambacho jina lake lote ni hilo: Boy. Kilitoka mwaka 1984, nacho ni kumbukumbu za utotoni za Roald Dahl, yule mtunzi wa Matilda na wa kiwanda cha chokoleti. Kwa msomaji wa Uingereza, jina hilo linanukia kaptula na peremende. Mimi masikio yangu ya Kiswahili yalisikia kitu kingine kabisa: kengele ya mezani, na sauti ya mtu ikiitika "Naam, bwana." Na bwana aliyekuwa akiitikiwa hivyo, hapahapa Dar es Salaam, aliwahi kuwa Roald Dahl mwenyewe.

Basi leo nataka tumzungumze mtu huyu. Sifa zake mmekwisha kuzisikia vya kutosha. Mimi kuna jambo moja linanikera kwake na kunivuta kwake kwa wakati mmoja.

Alizaliwa Llandaff, kando ya Cardiff huko Wales, tarehe 13 Septemba 1916. Wazazi wake walikuwa Wanorwei. Baba, Harald, alikuwa na mkono mmoja, na kwa mkono huo mmoja akajenga biashara ya kuhudumia meli bandarini. Mwaka 1920 dada yake Roald, Astri, alikufa kwa ugonjwa wa kidoletumbo akiwa na miaka saba. Baba akamfuata baada ya wiki chache. Roald alikuwa na miaka mitatu. Hiyo saba iweke pembeni, msikilizaji, tutaihitaji.

Mama hakurudi kwao Norwei. Marehemu mumewe alikuwa ameapa kwamba shule za Uingereza ndizo bora duniani, na mjane akatii wasia. Mwana akaenda kuuonja huo ubora. Mwaka 1924 yeye na wenzake wanne walitia panya aliyekufa kwenye chupa ya peremende katika duka la mama mmoja waliyemchukia. Walikamatwa, wakachapwa bakora mmoja baada ya mwingine, na mwenye duka akaketi pembeni akimhimiza mwalimu mkuu aongeze nguvu. Ukurasa huo hauhitaji mkalimani kwa msomaji wa kwetu. Nani kati yetu hajapata kuinama?

Baadaye alipelekwa Repton, shule kubwa ya bweni. Huko kulikuwa na desturi kwamba mwanafunzi mdogo ni mtumishi wa mkubwa. Humpigia viatu rangi, humwashia moto, humfagilia chumba. Na asubuhi za baridi kali, kwa kuwa vyoo vilikuwa nje, mdogo alitangulia kukalia kiti cha choo ili mkubwa wake akija akikute kina joto. Dahl anasema alikuwa hodari wa kazi hiyo, na kwamba alimsoma Dickens akiwa amekaa pale. Sijui kama boi yeyote wa Oysterbay aliwahi kutumwa kazi ya namna hii. Lakini nalitaja kusudi. Mtu huyu alijua kuwa boi ni nini kabla hajavuka bahari, na hata barua za utotoni alizomwandikia mama yake alizitia sahihi ya neno hilohilo, Boy. Mama alizihifadhi barua za mwanawe zote, zaidi ya 600, bila kumwambia.

Kitu kingine cha Repton ni chokoleti. Kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwapelekea wanafunzi maboksi ya chokoleti za majaribio ili wazipe alama. Kijana akawa anaota amebuni ladha mpya na mwenye kiwanda anaruka kwa furaha. Ndoto hiyo ilikaa miaka thelathini ndipo ikawa kitabu.

Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell kwa sababu moja tu, alitaka kusafiri. Walimpa Misri akakataa, eti ina vumbi. Wakampa Afrika Mashariki. Mwaka 1938 akapanda meli hadi Mombasa, akabadilisha nyingine, na siku moja asubuhi akaiona Dar es Salaam: minazi, mchanga mweupe, bandari iliyojikunja kama kiganja. Alikuwa na miaka 22 na urefu wa karibu mita mbili, mrefu kiasi kwamba milango ya watu wengi ilimlazimu kusalimu kwa kichwa.

Hebu tusimame hapa kidogo. Kazi yake ilikuwa kuuza mafuta, Tanganyika nzima, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye migodi, kwa kila mwenye injini. Nyakati hizo mafuta ya taa yalikuja kwenye madebe, na debe likiisha mafuta halikutupwa. Lilichota maji, lilipima mahindi, lilikatwa likanyooshwa likaezekea paa. Leo hii mama sokoni Kariakoo akikuuzia debe la mahindi, hana habari na Shell wala na kijana mrefu wa Kinorwei. Nami huwa nafikiri kwamba alama kubwa zaidi ambayo biashara ile iliacha kwetu ni hicho kipimo, na Dahl, mtu wa kupenda vitu vya ajabu, hakukitia katika hadithi hata moja kati ya zile za watoto.

Alitia nini, basi? Katika kitabu chake cha pili cha kumbukumbu, Going Solo, cha mwaka 1986, ametia nyoka na simba. Kuna koboko anayemnyatia shamba boi akiwa na reki mkononi, na Dahl dirishani anapaza sauti kumwonya kwa Kiswahili, Kiswahili chenye ngeli zilizopinda, kile tulichokiita Kisetla, lakini kilichotosha kuokoa mtu. Kuna simba aliyembeba mke wa mpishi kwa mdomo kama paka abebavyo mtoto wake, akamwachia baada ya risasi kupigwa, na yule mama akainuka bila mkwaruzo, kwa kuwa alikuwa amejifanya maiti. Kisa hicho, anasema, alikiandika kwa ombi la gazeti la East African Standard la Nairobi, wakamlipa pauni tano. Kwa hesabu yake mwenyewe, kalamu yake ililipwa kwa mara ya kwanza huku kwetu.

Na ametia Mdisho.

Mdisho alikuwa boi wake. Kijana, mrefu, mpole. Kabila lake Dahl analiandika kwa herufi ambazo hakuna Mtanzania atakayezitambua, ila mtu akizisoma haraka anaelewa kuwa ni Mnyamwezi. Septemba 1939 vita vikatangazwa. Dahl alimweleza Mdisho kwamba sasa Waingereza na Wajerumani ni maadui. Juu ya ukuta wa chumba kulikuwa na upanga wa Kiarabu, umetundikwa kuwa pambo. Usiku ule Mdisho akaushusha, akakimbia hadi kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani, tajiri wa mkonge, akamkata kichwa, akarudi anahema kumpa bwana wake habari njema. Bwana akashikwa na kigugumizi. Akamweleza kwamba asimwambie mtu, kisha akampa upanga ule uwe wake.

Kisa hiki kinasomeka kama maji. Wanaomchunguza wanakitilia shaka, na hata mimi nakitilia, maana kwanza alikichapisha kama hadithi ya kubuni wakati wa vita vilevile. Dahl hakuwa mtu wa kuuacha ukweli ukae uchi akiwa na nguo mkononi. Lakini iwe kweli iwe uongo, angalia alivyomchora mwenziwe. Mdisho ni mtu mzima, jasiri, mwana wa watu waliotembea na misafara kutoka Unyamwezi hadi pwani. Katika kisa anafanywa mtoto: hajui sheria, anafurahi bila kuelewa, anasubiri kusifiwa. Yule mvulana aliyepasha moto kiti cha choo, ambaye kila ukurasa wa utoto wake unalia kwamba wakubwa hawawaoni wadogo, alipoketi yeye kwenye kiti kikubwa hakumwona aliyesimama mbele yake na sinia.

Hilo ndilo linalonikera. Sasa nije kwenye linalonivuta.

Vita nitavipita mbio, kwa kuwa yeye mwenyewe ameviandika vizuri kuliko mtu yeyote atakavyoviandika. Baada ya siku chache za kuongoza askari wa Keya, jeshi la Waingereza huku kwetu, kulinda barabara ya kusini, aliendesha gari hadi Nairobi, Novemba 1939, akajiunga na jeshi la anga. Rubani wa karibu mita mbili katika ndege ndogo ya mafunzo. Kichwa kilitokeza juu ya kioo cha kukinga upepo. Tarehe 19 Septemba 1940 ndege yake ilianguka kwenye jangwa la kaskazini mwa Afrika. Fuvu likapasuka, pua ikabomoka, akapofuka kwa wiki kadhaa. Akapona, akarudi vitani Ugiriki, kisha maumivu ya kichwa yakamrudisha nyumbani. Mwaka 1942 alitumwa Washington, ubalozini. Mwandishi C. S. Forester alimtaka amweleze kisa cha ajali ili akiandike. Dahl akakiandika mwenyewe, na jarida la Saturday Evening Post likakichapa karibu kama kilivyo. Wahariri walimfanya ametunguliwa na adui, jambo ambalo halikutokea, naye hakulipinga sana.

Kwa miaka karibu ishirini alikuwa hasa mwandishi wa watu wazima: hadithi fupi, kavu, zenye sumu mwishoni. Watoto hawakumjia kwa uzito mpaka alipopata wake. Alimwoa mwigizaji Patricia Neal mwaka 1953, wakajaliwa watano, na usiku kitandani alilazimika kutunga. James and the Giant Peach ilitoka 1961, yeye akikaribia miaka 45. Kitabu cha kiwanda cha chokoleti kikafuata mwaka 1964.

Alikuwa na kibanda bustanini, kijiji cha Great Missenden. Kiti kikuukuu cha mikono, ubao mapajani, miguu ndani ya mfuko wa kulalia kwa sababu ya baridi, penseli sita za njano zilizochongwa, karatasi za njano. Mezani kulikuwa na kifundo cha nyonga yake mwenyewe alichokatwa hospitalini, na donge zito la karatasi za chokoleti alizozikusanya tangu ujana. Ukimwambia mganga wa kwetu kwamba mtu ana chumba ambacho hakuna wa kuingia, na ndani ana mfupa wake mwenyewe, atakuambia huyo si mwandishi.

Katika kibanda kile aliandika kiwanda kile, na ndani ya kiwanda akaweka wafanyakazi. Watoto wa leo wanawajua kuwa vijitu vyekundu-vyeupe vya nchi ya kubuni. Hawakuwa hivyo mwanzo. Katika chapa ya 1964 walikuwa mbilikimo weusi kutoka kwenye kina cha msitu wa Afrika, ambao mwenye kiwanda aliwasafirisha kwa siri ndani ya masanduku yenye matundu ya kupumulia, na ujira wao ulikuwa kokoa. Wanacheka, wanaimba, hawatoki nje ya geti. Msikilizaji, kitabu hicho kilitoka Tanganyika ikiwa imekwisha kuwa huru. Aliyekiandika si mtu aliyeiona Afrika kwenye ramani tu. Alikula samaki wetu, alisema lugha yetu, alimjua mpishi kwa jina. Akachagua masanduku.

Wamarekani Weusi walilalamika filamu ilipokuwa ikitengenezwa, na mwaka 1973 akabadilisha, akawapa vijitu ngozi nyeupe na nywele za kahawia-dhahabu. Ujira wa kokoa akauacha. Lakini hapa pana jambo lililonifanya niweke kitabu chini nitembee kidogo. Katika rasimu ya mwanzo, Charlie mwenyewe, yule mtoto maskini mwenye moyo safi, alikuwa mtoto mweusi. Mjane wake Felicity, mke aliyemwoa baada ya Patricia, alilisema hadharani mwaka 2017, na mwandishi wa wasifu wa Dahl akaongeza kwamba wakala wake ndiye aliyemshauri ambadilishe. Kumbe alikuwa amekaribia. Alikuwa amemweka mtoto mweusi katikati kabisa ya hadithi, kisha akamtoa, na weusi wakabaki kwenye masanduku.

Hakuwa mtu mwema kwa kila mtu, na sitamsafisha. Mwaka 1983 aliwasema Wayahudi maneno ya chuki waziwazi kwa mwandishi wa habari, na mwaka 2020 jamaa zake waliomba radhi kwa niaba yake. Wahariri aliwatesa. Hayo yapo.

Lakini sasa tuirudie ile saba.

Desemba 1960, mjini New York, teksi ilikigonga kigari cha mwanawe wa kiume, Theo, mtoto wa miezi minne. Maji yakawa yanajaa kichwani, hali tunayoijua kwetu kwa jina la kichwa kikubwa. Madaktari walimwekea mpira wa kutolea maji, nao ukawa unaziba kila mara. Dahl hakukaa kulia. Alimtafuta Stanley Wade, fundi aliyetengeneza pampu ndogo za mafuta za ndege za kuchezea, akamkutanisha na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo, wakabuni vali ndogo isiyoziba. Theo alipata nafuu kabla haijakamilika. Ikawekwa kwa watoto wengine, maelfu kadhaa, na wabunifu hawakudai faida. Muuza mafuta wa zamani alijua jambo moja, kwamba kila kinachotiririka kina vali yake.

Kisha Novemba 1962 surua iliingia shuleni kwa binti yake mkubwa, Olivia. Chanjo ilikuwa bado haijapatikana. Kulikuwa na sindano ya kinga ya muda, lakini iliyopatikana ilitosha mtoto mmoja, akapewa Theo kwa sababu ya kichwa chake. Olivia aliugua kama watoto wote wanavyougua, akaanza kupona. Baba aliketi kitandani kwake wakitengeneza wanyama wadogo kwa vijiwaya vya rangi, akaona vidole vya mtoto havitii akili. Akamuuliza hali, akajibu ana usingizi. Saa moja baadaye alikuwa hajitambui. Siku hiyohiyo, tarehe 17, alikufa. Alikuwa na miaka saba.

Kwa miaka mingi Dahl hakuweza kumtaja. Alimjengea bustani ya mawe kaburini, akapanda mimea midogo midogo, akanyamaza. Mkewe alipatwa na kiharusi Februari 1965 akiwa mjamzito, akapoteza maneno. Mume akamsimamia kwa ukali ambao majirani waliuona ni ukatili, mpaka akarudi kuigiza. Ndoa yenyewe ikaja kuvunjika mwaka 1983. Ni mwaka 1986 ndipo alipoandika barua fupi kwa wazazi wa Uingereza waliokuwa wakiidharau chanjo. Hakuna jitu wala mchawi mle. Ni mzee wa miaka sabini anayeeleza vijiwaya, usingizi, saa kumi na mbili za mwisho. Mama yeyote wa hapa aliyekaa kwenye benchi la kliniki na kadi mkononi, akisubiri sindano ya mtoto wa miezi tisa, angeielewa bila kusomewa mara mbili. Wazee wetu walikuwa hawahesabu watoto mpaka surua ipite.

Miaka minne kabla ya barua hiyo alikuwa amemtolea Olivia kitabu, The BFG, kisa cha jitu jema. Majitu mengine tisa hutoka usiku kula watu. Hili moja hutembea na tarumbeta ndefu, linapuliza ndoto njema kwenye madirisha ya watoto waliolala. Kiingereza chake kimevunjika, maneno yamepinda, linaona haya kwa kutosoma shule. Wenzake wakubwa hulitupiana kama mpira. Nililisoma nikaona kitu ambacho sidhani Dahl alikikusudia: jitu lile lina urefu wa bwana wa Oysterbay, lakini lina hali ya boi. Linasema lugha ya wenye nchi kwa makosa na linatahayari, kama alivyopaswa kutahayari yeye kwa Kisetla chake. Ndilo kiumbe pekee katika vitabu vyake vyote ambacho ni kikubwa na kidogo kwa pamoja, na ndicho nikipendacho.

Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba 1990. Mwaka 2023 wachapishaji wake walipita kwenye vitabu wakifuta maneno ya kuudhi, dunia ikagawanyika, nao wakaamua kuuza chapa zote mbili, ya zamani na iliyooshwa. Mimi ni mtu wa kuacha maandishi ya marehemu yalivyo, tuyaone na tuyaseme. Lakini kuna badiliko moja lililonichekesha. Katika The Twits kuna nyani waliotoka Afrika wenye lugha yao ya Kiafrika, ambayo mwandishi aliiita ya ajabu. Neno la ajabu limefutwa, na lugha ya Kiafrika imebaki bila jina. Dahl angeweza kuipa jina. Alikuwa na moja mdomoni.

Fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja, yaani dakika moja. Basi nina ombi. Kama unanisikiliza ukiwa Tabora, au Nzega, au popote alipoweza kurudi kijana mmoja aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya vita, na juu darini, nyuma ya magunia, kuna upanga wa Kiarabu ambao babu alikataza watoto kuugusa, na hakuna aliyewahi kukuambia ulikotoka, tuandikie. Tuambie huyo babu alikuwa nani, alikuwa na watoto wangapi, alipenda kula nini. Na jina lake la kweli, tafadhali, herufi kwa herufi.